Laini mpya ina siku tatu tu, tapeli ananiita kwa majina yangu matatu. Kayapata wapi?

#1 Msafiri wa Kimara
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilinunua laini mpya Makumbusho kituoni, kwa kijana wa mwavuli. Ya zamani nimeiacha kwa fujo za meseji: waganga, mikopo, "ile hela tuma kwenye namba hii", kutwa mara sita. Nikasema naanza upya na safari hii nakuwa mwangalifu. Sijaiweka WhatsApp wala Facebook. Sijaijaza kwenye fomu yoyote. Sijampa mtu.

Leo Jumanne saa 4 asubuhi nimesimama ndani ya mwendokasi, tumefika Magomeni Mapipa, meseji inaingia. Imeanza na jina langu la kwanza, la kati na la ukoo, halafu: "ile kodi tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo". Jina la kati, wakuu! Kazini hawalijui. Jirani hawalijui. Liko kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, basi.

Na kweli nadaiwa kodi ya nyumba. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye menyu ya kutuma, laki tatu na nusu, ndipo nikakumbuka mwenye nyumba wangu hanaga lugha ya "ile nyingine".

Ninaomba jibu la lugha ya kawaida: majina yangu yametoka wapi ndani ya siku tatu? Ninyi wataalamu wa kompyuta humu, kila siku mnatuambia tuweke hiki tutoe kile. Leo nisaidieni na hili.

#2 Kobe Mzee
Kijana wa mwavuli. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Mengine baadaye.

#3 Fundi Redio
Mzee Kobe, usimhukumu kijana wa watu mapema.

Namba zetu zina tarakimu 10. Nne za mwanzo zinajulikana na kila mtu, zinabaki sita. Hizo sita ni namba 1,000,000 kwa kila kichwa cha mtandao. Tapeli haibi orodha popote. Anaanza chini anapanda juu, anarusha meseji. Kati ya watu elfu anaowafikia, lazima yupo anayedaiwa kodi leo. Tena mwisho wa mwezi wapo wengi.

Na jina? Fungua menyu ya kutuma pesa. Weka namba yoyote, weka 1,000. Kabla hujaweka namba ya siri utaletewa jina la mwenye laini. Unaghairi. Hujakatwa hata shilingi na jina unalo. Kile kitu kiliwekwa kutulinda tusikosee namba, na ndicho hicho wao wanachosomea majina yetu.

#4 Nuru ya Buguruni
Fundi hapo kwenye jina nakataa. Nimejaribu sasa hivi kwa namba ya mume wangu, yameletwa majina mawili. La kati halipo.

#5 Fundi Redio
Kwangu yameletwa matatu dada. Nimejaribu kwa mitandao miwili, mmoja matatu, mwingine mawili. Inategemea ulivyosajiliwa.

#6 Tundu la Sindano
Ninyi mnahangaika na namba wakati simu yenyewe inasikiliza. Mimi na mke wangu tuliongelea godoro sebuleni, hatukuandika popote. Kesho yake simu nzima ni magodoro. Inchi sita, inchi nane, bei ya Kariakoo, kila kitu. Msafiri, ulitaja majina yako matatu mbele ya simu siku unasajili, sivyo? Basi.

#7 Mchwa Mweusi
Nafanya kazi za kompyuta, niruhusuni kidogo.

Tundu, hilo la kusikiliza limechunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, walipima programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakukuta hata moja inayowasha maiki kimyakimya na kurusha sauti. Walichokuta ni kingine: programu zinazochukua picha ya skrini na kuipeleka kwa kampuni ya tatu, mwenye simu hana habari.

Godoro lako lina maelezo mepesi. Mke wako alilitafuta kwenye simu yake, na simu zenu mbili zinalala nyumba moja, zinatumia intaneti moja. Watangazaji wanawahesabu ninyi kama nyumba moja.

Mleta uzi, dawa yako ni hii: weka VPN (programu ya kuficha njia yako ya intaneti), hamia Signal (programu ya meseji), zima ruhusa zote za programu, weka uthibitisho wa hatua mbili. Mimi nimefanya hivyo tangu 2019.

#8 Tundu la Sindano
Mke wangu ana kitochi.

#9 Msafiri wa Kimara
Asanteni wote.

Mchwa, kaka yangu, nimekuelewa lakini dawa yako haigusi ugonjwa. Meseji niliyopata ni ya kawaida, imekuja kwa mnara. Nikiweka VPN huyu tapeli atasahau jina langu la kati?

Jingine. Tangu jana napigiwa na watu wanamwulizia Mama Rehema. Mmoja kanilaumu sijaleta mchango wa kikoba. Mwenye nyumba naye nilipompigia kumwambia mkasa huu kaniambia "hii namba si ile ya dada mmoja wa Mbagala?"

#10 Kobe Mzee
Ulisema hujampa mtu. Mwenye nyumba anayo?

#11 Msafiri wa Kimara
Anayo yeye, mke wangu, na fundi bomba anayekuja Ijumaa. Watu watatu, hao sikuwahesabu.

#12 Pweza wa Feri
Na fundi bomba anawapa wangapi? Fundi wa Dar akikupata kwenye simu umeshakuwa mteja wa ukoo wao mzima.

#13 Karani Mstaafu
Hiyo ya Mama Rehema ni namba iliyorudi sokoni. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaifuta na kuiuza tena. Wewe umenunua kadi mpya yenye namba kuukuu. Madeni yake, vikoba vyake, na orodha zote za matapeli alizokuwemo huyo mama, umerithi.

#14 Nuru ya Buguruni
Lakini mzee, tapeli kamwita yeye, hakumwita Mama Rehema.

#15 Karani Mstaafu
Hapo Fundi alishajibu. Namba wanayo tangu enzi za yule mama, na jina wanalichungulia upya kwenye menyu.

#16 Mwalimu wa Kigogo
Nimesoma tangu juu, na namba 7 imenigusa, nitaisema kwa urefu.

Vijana wa kompyuta ninawapenda, wengine nimewafundisha. Lakini wana tabia ya kuandika dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Januari 2021 WhatsApp walipobadili masharti yao, mliingia kila kundi mkatutangazia hatari. Kundi letu la wazazi, watu 112, tukahamia Telegram. Siku ya kwanza 40 tulihama. Wiki ya tatu tulibaki 9, kwa sababu mchango wa kikoba, taarifa za msiba, na mwalimu wa darasa, vyote vilibaki kule kule. Na nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba Telegram mazungumzo ya kawaida na makundi hayafungwi kwa ufunguo wa watu wenyewe wanaozungumza. Ni yale mazungumzo ya siri tu, ya watu wawili, na lazima uyawashe mwenyewe. WhatsApp tuliyoikimbia ilikuwa imeshafunga meseji zote kwa njia hiyo tangu 2016. Tulikimbia mvua tukajikinga chini ya mchirizi.

Na VPN? Facebook walinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. Ilikuwa inatoa VPN ya bure, watu wakaipakua wakidhani wanajificha. Kumbe kila programu waliyofungua ilikuwa inaandikwa, na Facebook wanasoma ni programu gani shindani inakua. Iliondolewa kwenye duka la iPhone 2018 na kufungwa 2019. Anayekupa ngao bure, mwulize anakula nini.

#17 Mchwa Mweusi
Mwalimu, shikamoo. Onavo ni kweli tupu na Telegram ni kweli, siku ile wengi wetu tulikosea.

Ila usituweke wote kapu moja. Signal mwaka 2016 walipelekewa amri ya mahakama Marekani watoe taarifa za mtumiaji. Walichoweza kutoa ni tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuunganishwa, kwa sababu hakuna kingine walichokuwa wamekiweka. Hiyo ndiyo kompyuta ninayoiamini mimi, isiyokusanya.

Na hapa niseme kitu kinachonikera kazini. Kila mradi mpya tunaokaa mezani, fomu inaanza na vitu vinne: jina, namba, mtaa, kazi. Kikao kikiisha vimefika kumi na tisa. Dini. Jina la mama. Kitambulisho mbele na nyuma. Nauliza vya nini, najibiwa "tuviweke tu, tutajua matumizi mbele ya safari". Wanaosema hivyo ni vijana wenzangu, wazuri, wana akili, hawana nia mbaya hata kidogo. Wanaona data kama watu wanavyoona mchele, kwamba ghala likijaa ni heri. Nimeshagombana nao mara mbili. Mara ya pili niliondolewa kwenye mradi.

#18 Pweza wa Feri
Heshima kwako Mchwa. Hapo umesema.

#19 Nuru ya Buguruni
Mnaongea habari za Marekani, mimi niwaonyeshe za Buguruni.

Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani umeisha siku chache, nimenunua vitumbua asubuhi karibu na Sheli. Mama kanifungia kwenye karatasi. Nafika ofisini nafungua, kitumbua cha juu kimeacha duara la mafuta juu ya uso wa mtu. Picha ya pasipoti, imebanwa kwa pini. Ni fomu ya mkopo. Mwanamke, amefunga kilemba cha kijani, ameandika kwa mkono jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA yote, namba mbili za simu, jina la mume na la mdhamini. Kiasi alichoomba. Chini kuna kidole gumba cha wino, kimekaa vizuri kabisa, kila mstari unauona. Na mafuta yamelowesha mpaka karatasi imekuwa kama kioo, unasoma hata upande wa pili.

Nilirudi kwa yule mama jioni nikamuuliza karatasi anapata wapi. Kanijibu bila wasiwasi, ananunua kwa kilo. Alikuwa na rundo chini ya meza, limefika magotini.

Sikujua niifanye nini ile fomu. Niliichoma nyuma ya nyumba. Namba za huyo dada sikupiga, nilihisi hata kumpigia kumwambia ni kumwingilia. Mpaka leo nikiona karatasi ya kitumbua naangalia kwanza imeandikwa nini.

Kwa hiyo kaka Msafiri, jina lako la kati linaweza kuwa lilitoka miaka mingi nyuma. Umeshaacha kopi ya kitambulisho steshenari ngapi?

#20 Msafiri wa Kimara
Dada Nuru, nimehesabu mpaka kumi nikaacha.

#21 Zuhura wa Posta
Naungana na Nuru. Mnisamehe naongeza la madaftari ya getini.

Niliingia jengo moja Posta kupeleka barua. Mlinzi kanipa daftari: jina, ulikotoka, unamwona nani, namba ya simu, sahihi. Nimeandika. Saa 1 usiku niko Mbezi napika, meseji: "Mambo mrembo, ulipendeza na gauni la bluu". Sikulala vizuri. Alikuwa anajua jina langu, namba yangu, ofisi yangu, na nilivyovaa. Hakudukua kitu, nilimwandikia mwenyewe kwa kalamu yake.

Tangu siku hiyo naandika namba yangu nikibadili tarakimu moja. Mume wangu anasema ni uongo. Mimi sioni hivyo.

#22 Kobe Mzee
Siyo uongo mwanangu. Lakini hiyo tarakimu uliyobadili ni namba ya mtu mwingine, naye atatumiwa meseji ya gauni la bluu.

#23 Zuhura wa Posta
Mzee hilo sikuwahi kulifikiria kabisa.

#24 Zamu ya Usiku
Mimi ni mlinzi, Upanga, mwaka wa 11 huu. Nimesoma hapo juu na nimeumia, kwa sababu ni kweli wapo wenzetu wanafanya hivyo. Dada Zuhura, kwa niaba pole sana.

Niwaambie la upande wetu. Daftari si letu, ni amri ya mwenye jengo. Hakuna siku hata moja kwa miaka 11 nimeona mtu analisoma kutafuta mgeni fulani. Likijaa tunapewa lingine. Lililojaa linawekwa kabati la chini ya ngazi, na kabati halina kitasa. Nimeshakuta yameliwa na mchwa, nimeshakuta mwingine anachana kurasa kuwashia jiko la mkaa. Nilishauri tuandike jina tu, nikaambiwa fanya kazi yako.

Ningekuwa na uwezo ningefuta ile safu ya namba ya simu. Mgeni akishatoka ya nini?

#25 Karani Mstaafu
Zamu ya Usiku, sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Taarifa binafsi kwa mujibu wa sheria hiyo ni iliyorekodiwa kwa namna yoyote ile. Kwa hiyo daftari la getini limo, na fomu ya kufungia vitumbua imo. Anayekusanya anatakiwa kuwa na kusudi linaloeleweka. "Tutajua matumizi mbele ya safari" aliyoambiwa Mchwa siyo kusudi.

#26 Mwalimu wa Kigogo
Sheria nzuri, mzee wangu, lakini mwenye jengo ameisikia? Mama wa vitumbua atamshitaki nani?

#27 Karani Mstaafu
Mama hana kosa. Kosa ni la aliyeuza fomu kwa kilo.

#28 Tundu la Sindano
Hayo yote yalianza 2016 walipotuchukua alama za vidole. Kabla ya hapo tulikuwa salama.

#29 Fundi Redio
Tundu, umechanganya. Juni 2016 zilizimwa simu bandia, zile za kuangalia kwa *#06#. Vidole vilianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Nakumbuka foleni za NIDA za wiki ile, watu walilala nje.

Na usalama haukuwepo kabla. Nilikuwa nauza laini 2012, mtu anasajiliwa kwa kitambulisho cha mpiga kura cha shemeji yake. Matapeli walikuwa na laini za marehemu.

#30 Pweza wa Feri
Na tulivyoweka vidole meseji za "ile hela" zilikwisha? Naomba jibu la mtu yeyote.

#31 Fundi Redio
Hazikuisha.

#32 Binti Mlandizi
Mimi nadhani ni programu za mikopo, na ninaomba mnisikilize kwa sababu yamenikuta.

Kaka yangu alikopa 50,000 kwenye programu moja ya simu. Wakati wa kuifungua ilimwomba ruhusa ya kuona majina yote ya simu, akabonyeza kubali. Siku ya kulipa ikapita siku mbili. Wakaanza na yeye, wakaja kwangu, wakaenda kwa bosi wake, kwa imamu wa msikiti wetu, kwa mama mkwe wake Mlandizi. Picha yake wameweka, chini wameandika tapeli anatafutwa. Mama mkwe alimpigia binti yake analia. Ile ndoa ilitikisika miezi, kwa elfu hamsini.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Nilishukuru, lakini majina yetu yalikuwa yameshaondoka. Mimi sijawahi kukopa popote. Namba yangu wameipata kwa sababu ndugu yangu aliihifadhi.

Sasa kaka Msafiri, watu wako watatu: mke, mwenye nyumba, fundi bomba. Waulize kwa upole kama kuna aliyekopa. Fundi akikuhifadhi kwa jina, saa hiyo hiyo linaweza kupanda.

#33 Mchwa Mweusi
Binti, uko sahihi na hili ndilo ninalotamani watu walielewe. Ile kesi ya 2018 ya Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa iliyopata taarifa za watumiaji wa Facebook: waliojaza lile jaribio la maswali ndani ya Facebook walikuwa kama watu 270,000. Waliochukuliwa taarifa walifika milioni 87. Wengine wote hawakujaza kitu, kosa lao lilikuwa kuwa na rafiki.

#34 Nuru ya Buguruni
Lakini fundi bomba anamjua kwa majina matatu? Mimi fundi wangu kanihifadhi "Mama Sinki".

#35 Kobe Mzee
Hapo Binti amekwama. Majina matatu yako mahali pawili, kwenye usajili na kwenye makaratasi. Narudi pale pale. Msafiri, ulipiga *106#? Nimesema tangu namba 2, watu mmetembea mpaka Boston mmerudi.

#36 Pweza wa Feri
Mimi nilirudi kwenye kitochi kabisa. Mwezi wa tano sasa. Usingizi umeongezeka, macho hayawashi, na ninaona bahari nikivuka Kigamboni badala ya kuinamia kioo.

#37 Fundi Redio
Safi kwa macho kaka. Ila kitochi kinaongea na mnara vile vile, unapokuwa na unayempigia vyote vinaandikwa. Na meseji zake zinapita mtandaoni bila kufungwa kwa ufunguo wako.

#38 Pweza wa Feri
Najua. Bado naona bahari.

#39 Msafiri wa Kimara
Wakuu, samahani nilipotea, nilikuwa kazini.

Mzee Kobe, nimepiga. Nimepiga mara tatu kuhakikisha. Mimi nina laini tatu: ya zamani, ya mtandao mwingine ya muda mrefu, na hii mpya. Zimeletwa nne.

Nimekaa nikakumbuka siku ya Jumamosi. Kijana alikuwa mchangamfu, ananiita mzee baba. Niliweka kidole kwenye kile kimashine chekundu. Akasema "haijasoma, mzee, pangusa". Nikapangusa kwenye suruali. Nikaweka. "Haijasoma, jaribu kingine." Nikaweka cha mkono wa kushoto. Akasema tayari. Jua lilikuwa kali, jasho linatiririka, nyuma yangu dada na mtoto wanasubiri, konda wa daladala anapiga bati. Nilitaka kuondoka tu. Sasa sijui kile kidole cha kwanza kilisoma au hakikusoma.

#40 Kobe Mzee
Kilisoma.

#41 Fundi Redio
Mzee, huna uhakika huo. Jasho na vumbi vinazuia kweli, nimefanya kazi ile. Vidole vya mafundi seremala na wapishi vilikuwa vinasumbua kila siku. Na laini ya nne inaweza kuwa aliisajili zamani akasahau.

#42 Nuru ya Buguruni
Hata kama kijana kachukua laini ya pili, kwa nini atumie meseji za utapeli kwa mtu yule yule aliyemwibia kidole? Si angemkwepa?

#43 Mchwa Mweusi
Swali zuri. Labda kijana anauza laini tu, matapeli ni wengine. Yeye anapeleka kadi na orodha ya majina, hajui ipi inatumika kwa nani.

#44 Tundu la Sindano
Jamani nimepiga na mimi. Nina tano. Namiliki mbili.

#45 Zuhura wa Posta
Mimi nimekuta sawa, alhamdulillah. Nimempigia na mama Tanga nimemwelekeza, zake ziko sawa.

#46 Binti Mlandizi
Ya kaka yangu iko moja ya ziada. Sasa sijui wale wa mikopo ndio au la.

#47 Karani Mstaafu
Ndugu zangu, ile meseji ya tapeli msiifute. Ipelekeni 15040. Na anayekuta laini asiyoijua aende duka la kampuni na kitambulisho mkononi, asiende kwa mwavuli.

#48 Zamu ya Usiku
Nimepiga nikiwa lindoni. Moja tu, hii hapa. Asante mzee Kobe.

#49 Msafiri wa Kimara
Nimetoka dukani sasa hivi. Nimekaa foleni saa mbili na nusu. Dada wa kaunta alikuwa na adabu, amenisikiliza.

Laini ya nne ni ya mtandao ule ule wa hii mpya. Imesajiliwa Jumamosi, dakika nne kabla ya hii. Fundi, hiyo nadhani inajibu la kidole.

Lakini majina hayajajibiwa. Nimemwonyesha meseji, namba ya tapeli haina uhusiano na ile laini ya nne, ni ya mtandao mwingine kabisa na imesajiliwa kwa mtu mwingine. Nilipouliza huyo mtu ni nani kaniambia hawezi kunipa taarifa za mteja. Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Huenda naye ni mtu aliyeambiwa kidole hakijasoma.

Na kuna jipya. Ile laini ya nne ina mkopo wa 35,000 wa kwenye simu. Uko kwa jina langu. Wameomba nirudi Alhamisi, wanachunguza.

#50 Nuru ya Buguruni
Pole sana kaka yangu. Kodi umelipa?

#51 Msafiri wa Kimara
Nimeenda kwa mwenye nyumba kwa miguu yangu nikampa mkononi. Kaandika risiti.

#52 Karani Mstaafu
Alhamisi usiondoke bila barua inayosema laini imefungwa tarehe gani na deni si lako. Iwe na muhuri. Na nenda polisi kabla ya Alhamisi uchukue namba ya taarifa, wataihitaji.

#53 Kobe Mzee
Na hiyo barua ukitoa kopi, simama pale pale mashineni mpaka itoke. Iliyoharibika ichukue uende nayo.